Barua Kutoka Chongqing

Kifungo cha tatu cha koti la Mikail kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Jemimah alikiona kifungo kabla hajaiona bastola. Volvo ilikuwa inakimbia kilomita tisini kwa saa katika barabara ya Queen, theluji chafu ikiruka pande zote mbili. Mbele yao gari la kijivu, Ford Econoline, lililochomoka mlangoni mwa duka pale tu walipofika kulikagua, lilikuwa linayumba kama mlevi. Mikail alishika usukani kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na Glock.

Lakini macho ya Jemimah yalibaki kwenye kifungo.

Jumatatu hakikuwepo. Leo ni Jumatano. Koti jeusi, uzi mwekundu.

Nicole ndiye mwenye uzi mwekundu.

"Jemimah! Namba za gari!"

"Zimepakwa matope, Mkuu."

"Shikilia."

Volvo ikaruka. Ikabaki mita ishirini. Kumi na tano. Mikail akashusha kioo, baridi ikaingia kama kofi. Akanyoosha mkono wenye bastola.

Tramu ikasimama katikati ya barabara na kufungua milango.

Econoline ilikuwa imeshapita. Mama mmoja akashuka na kigari cha mtoto, bila kutazama kushoto wala kulia, kama watu wote wa Toronto wanavyoshuka, kwa sababu sheria inasema magari yatasimama.

Mikail akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Volvo ilisimama hatua moja kutoka kwenye kigari. Mama yule akawatazama, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Gari la kijivu lilikuwa limetoweka.

"Turudi dukani," Mikail alisema. "Haraka."

*

Duka la Mzee Ghulamabbas lilikuwa pale pale Parkdale, kati ya kinyozi na duka la mitumba. Aliuza stempu za zamani, sarafu, na karatasi ambazo watu wengine wangezitupa. Alizaliwa Tanga. Alisali msikiti mmoja na Mikail.

Alikuwa amelala nyuma ya kaunta. Damu ilimtoka kichwani.

"Mzee! Mzee Ghulamabbas, unanisikia?"

Midomo ilicheza. Neno halikutoka. Lakini alikuwa anapumua. Jemimah alimwekea skafu yake chini ya kichwa, akapiga simu ya gari la wagonjwa. Mikail alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la chuma.

Lilikuwa wazi. Bahasha waliyoifuata haikuwemo.

Ndani ya bahasha hiyo ilikuwa karatasi moja tu. Iliandikwa Chongqing mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto. Miaka ya nyuma, matajiri wa nchi za nje walikuwa wamekopesha fedha za kujenga reli huko China. Vita vilipofika, Wachina waling'oa reli hiyo kwa mikono yao wenyewe ili adui asiipande. Wakopeshaji wakamtuma mjumbe kwenda kudai. Mjumbe akafika, akaona tuta tupu bila chuma, akaona na makaburi ya watu waliokufa wakiing'oa. Akaketi na wenyeji wake siku nne. Mwisho akaandika barua: mkopo umesamehewa, hautadaiwa tena. Pande zote mbili zikaweka sahihi na muhuri.

Nakala moja iliungua kwenye bomu. Nyingine ilizunguka dunia ndani ya sanduku la mmisionari aliyekufa. Mzee Ghulamabbas alinunua sanduku hilo kwa ajili ya stempu.

Sasa ilikuwa Februari 1999, na barua ile ilikuwa na kazi.

Katika hoteli inayotazamana na stesheni ya Union, Wachina walikuwa tayari kuifufua reli inayotoka Ziwa Tanganyika kwenda ndani ya Kongo, ambako vita vya pili vya nchi hiyo vilikuwa vinakula watu. Fedha zingetoka kwa wakopeshaji wa Toronto. Nao walikuwa warithi wa wale wa zamani. Wakasema: kwanza tambueni deni la reli ya kwenu. Wachina wakasema: mlilisamehe. Wakaambiwa: onyesheni barua.

Mazungumzo yangefungwa leo, saa tisa alasiri. Bila barua, hakuna fedha. Bila fedha, hakuna treni. Na mahindi ya wakimbizi yangeendelea kuoza bandarini Kigoma.

Mtu mmoja tu angefurahi. Roelants. Alikuwa na ndege kumi na moja za mizigo. Ziliingia Kongo na bunduki, zikatoka na madini. Treni ikipita, nani atahitaji ndege zake? Tena alikuwa amejipenyeza mezani kama mshauri wa wakopeshaji.

Jemimah alizaliwa Kigoma. Mama yake alikuwa anaishi mita mia mbili kutoka kwenye yale mahindi.

"Tulipanga kuja saa sita, sote watatu," Mikail alisema. "Fedha za kununulia anazo Nicole. Nicole yuko wapi?"

*

Mikail alitoa simu yake ya Nokia. Akapiga simu ya nyumba yao ya siri, Thorncliffe Park, ghorofa ya kumi na nne, ambako mashine ilipokea ujumbe mchana na usiku. Akabonyeza namba za siri. Akasikiliza.

Uso wake ukabadilika.

Akampa Jemimah simu.

Ilikuwa sauti ya Nicole. Alikuwa anahema. Nyuma yake zilisikika kelele za treni ya chini ya ardhi.

"Mikail, ni Nicole. Ile barua, nimeshaiuza. Musinitafute. Niko naenda ku—"

Piii.

Mashine ilikuwa imejaa.

"Ameiuza," Mikail alisema. Alisema polepole, kama mtu anayejaribu jino bovu kwa ulimi. "Kachukua fedha zetu, kanunua kwa mzee, kaenda kumuuzia Roelants. Halafu wamekuja kumpiga mzee asiseme. Na mimi nilimwamini."

Kila kitu kilikaa mahali pake. Fedha. Damu. Gari la kijivu. *Musinitafute.*

Isipokuwa neno moja.

Jemimah aliacha shule darasa la tano. Akiwa na miaka kumi na mmoja alikaa Kibirizi, Kigoma, na beseni la dagaa. Wanawake wa Uvira na Kalemie walivuka ziwa kuja sokoni. Siku ya kwanza mmoja wao alisimama mbele yake akasema, "Mutoto, nimekuya kuuza samaki." Jemimah akamjibu, "Mama, utauzaje wakati muuzaji ni mimi?" Soko zima likacheka. Mama yule naye akacheka, kisha akamfundisha. Kwao kuuza ni kununua. Ukitaka kutoa mali upate fedha, hapo unauzisha.

Miaka minne aliuza dagaa kwa watu waliosema wanauza.

Nicole alikuwa mtu wa Uvira. Akiwa mbele ya Mikail alisema Kiswahili cha redioni. Akikimbia, akiogopa, alisema cha mama yake.

Nimeshaiuza. Nimeshainunua.

Jemimah alielewa kabla mashine haijalia piii.

Mikail alikuwa anamtazama. "Wewe ndiye masikio yetu. Umesikia nini?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Idara ya ujasusi ya Dar haikumchukua kwa sababu ya cheti, maana hakuwa nacho. Ilimchukua kwa sababu alijua Kiswahili cha kila upande wa ziwa, na kwa sababu alikaa kimya. Mchana aliwaogesha wazee wa Kizungu katika nyumba ya kutunzia wazee. Jioni alivaa spika za masikioni na kuandika maneno ya watu.

Neno moja lilitosha. *Amenunua, Mkuu.*

Alikitazama kifungo.

"Nimesikia kama ulivyosikia wewe, Mkuu."

Ilikuwa saa nne na dakika arobaini asubuhi.

*

"Brice, uko wapi?"

"Hoteli, mlango wa mbele." Redio ya Motorola ilikwaruza. Brice alikuwa Mrundi mpole aliyepiga gitaa kanisani. Boksi lake la gitaa lilikuwa na vitu viwili, na kimoja kilikuwa Dragunov, bunduki ya kulenga mbali. "Watu wa Roelants wako wawili hapa, wanakagua kila mwanamke mweusi anayeingia. Wameniomba na mimi nifungue boksi. Nimewaimbia pambio, wakanifukuza."

"Achana nao. Nicole ametusaliti. Anakwenda kaskazini. Nifuate."

Redio ikakwaruza tena.

"Nicole yupi, Mkuu?"

"Una Nicole wangapi? Nifuate."

Gari la wagonjwa lilikuwa limeshamchukua mzee, nao walikuwa ndani ya Volvo. Mikail alikuwa ameshachomoa kisanduku kidogo chini ya kiti, kikubwa kama redio ya mfukoni. Kilikuwa kinalia. Tik. Tik. Sindano ilielekea kaskazini, Rexdale.

"Hiki ni nini?" Jemimah aliuliza.

"Saa yake. Ile Seiko niliyompa Krismasi. Kuna kidude ndani."

Jemimah alikumbuka Krismasi. Nicole alinyoosha mkono wake mrefu juu ya meza ili wote waione. "Mika, unanifanya nilie," alisema. Mika. Jemimah alimwita Mkuu. Yeye alipewa betri za redio, pakiti mbili. Usiku ule alikaa bafuni mpaka maji ya moto yakaisha.

Kumbe saa ile ilikuwa kamba.

Angepaswa kufurahi. Lakini moyo wenye wivu hauna adabu. Ulimwambia tu: hata kamba, alifungwa yeye.

Volvo ilipanda barabara ya juu ya Gardiner, ikashika barabara kuu ya kaskazini. Mikail aliendesha bila kusema. Taya lake lilikuwa limekaza. Jemimah alijua kila kitu kuhusu taya lile. Alijua lilivyokuwa likicheka na lilivyokuwa likifunga swaumu. Kwa miaka miwili alikuwa analisoma kama wengine wanavyosoma gazeti, na katika miaka hiyo miwili lilikuwa likigeuka upande mmoja tu, upande wa Nicole.

Nicole aliyesoma chuo kikuu. Nicole aliyekuwa mkalimani wa Kifaransa kwenye mikutano mikubwa. Nicole aliyemwambia mbele ya watu, "Jemimah, unaongea kama unalipia kila neno!" Watu wakacheka. Mikail naye akacheka.

"Ulikuwa unampenda?" Jemimah aliuliza.

Hakujua swali lilitokaje.

Mikail hakugeuka. "Redio yako iko sawa?"

"Iko sawa, Mkuu."

Hilo lilikuwa jibu.

Simu ya Idara iliita. Mikail akasikiliza, akasema "Ndiyo, Mzee" mara tatu, akakata.

"Dar wanasema barua irudi. Na msaliti asifike kwa Roelants. Kwa njia yoyote."

"Kwa njia yoyote maana yake nini?"

"Unajua maana yake."

Tik tik tik tik.

Sema, alijiambia. Sema sasa. Wakapita Islington. Sema taa ikiwa nyekundu. Taa ikawa nyekundu, ikawa kijani. Kila dakika aliyonyamaza ilifanya ya pili iwe ngumu zaidi, kwa sababu sasa angeulizwa: na ile ya kwanza ulikuwa wapi?

*

Ilikuwa saa tano na nusu walipofika. Kiwanda kilikuwa karibu na barabara ya Kipling, mahali ambapo ndege hupita chini mpaka unahesabu magurudumu. Hapo zilifuliwa shuka na vitambaa vya meza vya hoteli kubwa za mjini. Karibu wafanyakazi wote walikuwa wanawake wa Kongo na Burundi. Moshi mweupe wa mvuke ulipanda kutoka paani.

Brice alikuwa ameshapanda juu ya ghala la ng'ambo.

"Ingia," Mikail alimwambia Jemimah. "Thibitisha ni yeye. Ukimwona, bonyeza redio mara mbili. Kilichobaki ni cha Brice."

"Na kama—"

"Mara mbili, Jemimah."

Jemimah alificha bastola yake ya Makarov ndani ya koti, akaingia kwa mlango wa wafanyakazi.

Joto lilimpiga usoni. Mashine zilinguruma. Mama mnene mwenye kilemba cha njano alimrukia kabla hajapiga hatua tatu.

"Weye! Viatu! Na teluji yote hiyo kwa vitambaa yangu? Ni mama yako atafua tena?"

"Samahani, mama."

"Samahani haifue. Toa viatu! Unatafuta kazi ao unatafuta bwana? Hapa bwana hakuna, iko tu mimi, Médiatrice."

Wanawake wakaangua kicheko. Na katikati ya kicheko, karibu na dirisha kubwa, mmoja aliinua kichwa.

Nicole.

Alikuwa amevaa ovaroli ya bluu iliyomzidi ukubwa, nywele amezifunga kwa kamba ya mfuko wa shuka. Jasho lilimtiririka. Hata hivyo alipendeza. Jemimah aliona hilo, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha redio. Mara mbili. Kusingekuwa na shahidi. Mkosaji angekuwa neno la Kiswahili.

"Yaya Jemimah!" Nicole alimpungia mkono kwa furaha ya kweli, akimwita dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwao. "Mulipata message yangu? Ile mashine ilinikata!" Akainua pembe ya kitambaa cha meza. Chini yake kulikuwa na bahasha ya manjano. "Iko hapa. Asubuhi niliona watu wa Roelants wanazunguka duka, nikasema nikingoja saa sita tumekwisha. Mzee aliniuzisha mbio mbio, hata hakubishana bei. Hotelini wananitafuta kwa mlango, lakini kamio ya hapa, ile lori, inaingiza vitambaa kwa mlango wa nyuma saa nane. Médiatrice ni mama yangu mudogo. Nani anakaguaka vitambaa?"

Sikioni mwa Jemimah redio ikaongea.

"Ninamwona," Brice alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Dirishani. Kichwa chote."

"Jemimah, thibitisha," Mikail alisema. Kisha, "Ngoja. Gari la kijivu. Limeingia uani. Wanakuja kumchukua, umeona? Brice, nikifika tatu. Moja."

Nicole alikuwa bado anacheka.

"Mbili."

"Usipige!"

Mashine ziliendelea kunguruma, lakini wanawake wote waligeuka. Jemimah hakuwa amewahi kupiga kelele maishani mwake.

"Usipige, Mikail! Hakuuza! Kwao kuuza ni kununua! Amenunua barua, anayo hapa, naiona kwa macho yangu!"

"Unasema nini?"

"Wakongo wakiuza wanasema kuuzisha. Niliuza dagaa nao miaka minne. Nakuapia Mungu. Wale wa gari la kijivu wametufuata sisi ili wamuue!"

Ndege ilipita juu.

"Kwa nini hukusema?"

Jemimah aliitazama bahasha.

"Nimekumbuka sasa hivi."



"Brice. Geuza bunduki. Mlango wa mizigo."

Mlango wa mizigo ulifunguka kwa teke.

Waliingia wawili. Mmoja mrefu, mmoja mwenye kofia ya sufu ya kijani. Kofia ya kijani alikuwa na bunduki fupi aina ya Uzi chini ya jaketi. Hawakupoteza maneno. Mrefu alimwona Nicole, akanyoosha kidole.

Jemimah alisukuma kigari cha mashuka mabichi. Kilo mia mbili za pamba na maji ziliteremka kwenye sakafu yenye utelezi kama treni isiyo na dereva. Kikamkuta yule mrefu kwenye magoti. Mfupa ukalia. Akaanguka ndani ya mashuka, akapotea.

Kofia ya kijani akainua bunduki.

"Mama! Mvuke!" Nicole alipiga kelele.

Médiatrice alivuta mkono wa pasi kubwa. Wingu jeupe likafumuka. Hakuna aliyemwona mwenzake. Risasi zikatoboa paa, tatu, nne. Jemimah alijitupa chini, akateleza kwa tumbo, soksi zake zikiwa zimelowa, akatokea miguuni mwa mtu. Akapiga kifundo cha mguu kwa kitako cha Makarov. Mtu akayumba nyuma, akatoka kwenye wingu, akasimama mbele ya mlango ulio wazi.

Brice alikuwa anamngoja.

Pah.

Mara moja tu. Bunduki iliruka kutoka mkononi mwa kofia ya kijani pamoja na kidole. Alikaa chini, akakitazama kiganja chake kwa mshangao.

"Vitambaa yangu!" Médiatrice alilia. "Damu! Kwa vitambaa vyeupe!"

Mikail aliingia mbio na Glock. Alikuta wanawake sita wamemkalia yule mrefu, na wengine wakimfunga kofia ya kijani kwa shuka, fundo la kubebea mtoto mgongoni. Alimtazama Nicole. Nicole alimtazama yeye.

"Mika, kuna nini? Kwa nini uko na sura hiyo?"

Mikail aliirudisha Glock kiunoni. Jemimah alikuwa anavaa viatu vyake.

*

Saa nane na dakika arobaini lori la vitambaa liliingia mlango wa nyuma wa hoteli. Lilichelewa, kwa sababu Médiatrice alikataa kuondoka na kitambaa chenye doa. Mlinzi alifungua, akaona milima ya nguo nyeupe na wanawake wawili wenye ovaroli, akapiga miayo.

"Pita."

Ghorofa ya pili, ukumbi ulikuwa umejaa moshi wa sigara na watu waliochoka. Bi Shen, kiongozi wa ujumbe wa China, alikuwa amekunja mikono. Upande wa pili mwanasheria wa wakopeshaji alikuwa anafunika kalamu yake. Nyuma yake alikaa Roelants, mzee mwekundu mwenye suti nzuri, aliyeishi Lubumbashi miaka thelathini.

"Tumengoja siku tatu," Roelants alisema. "Barua hakuna. Tufunge."

Simu yake ikaita. Akaona namba ya kijana wake, akatabasamu, akapokea kwa kunong'ona.

"Imeungua, ile barua?"

"Shikamoo, Bwana Roelants," Mikail alisema kwa Kiswahili, akiwa chini kwenye maegesho na simu ya mtu mwingine. "Vijana wako wamelala. Wamefunikwa vizuri, mashuka ni safi. Polisi wanawaamsha sasa, na wamekuta namba za ndege zako kwenye kijitabu."

Roelants alielewa kila neno. Wekundu ukamtoka usoni.

Mlango ukafunguka. Mwanamke mwenye ovaroli ya bluu aliingia na kitambaa cha meza mikononi. Katibu alisimama kumzuia. Nicole akampita, akakikunjua kitambaa mbele ya Bi Shen kama mtu anayeandaa chakula, na katikati yake ilikuwepo bahasha ya manjano.

"Kutoka Chongqing," alisema, kwanza kwa Kifaransa, halafu kwa Kiingereza.

Bi Shen aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye sahihi aliketi. Akaisukuma mezani. Mwanasheria aliuangalia muhuri kwa kioo cha kukuza, akaulinganisha na mwingine kwenye faili lake la zamani, akaulinganisha tena.

Dakika tano.

Kisha akaifunua kalamu yake.

Roelants alikuwa ameshafika mlangoni. Brice alikuwa hapo, amekaa kwenye kiti, boksi la gitaa magotini.

"Kaa, mzee," alisema kwa upole. "Wageni wako wanapanda ngazi."

*

Ukumbi wa nyuma ulinuka sabuni na kahawa. Jemimah alivua ovaroli, akaikunja, akaiweka juu ya rundo. Alivaa koti. Alivaa glavu moja baada ya nyingine.

Nicole alimkuta pale. Alikuwa amekimbia ngazi zote.

"Yaya." Akamshika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mika ameniambia. Brice alikuwa na kichwa changu kwa bunduki. Alihesabu mpaka mbili. Wote walinihukumu kwa neno moja, na weye njo ulinitoa. Mzee Ghulamabbas ameamuka hospitalini, weye njo ulimuitia ambulansi. Mungu akubariki. Ni Mungu njo alikukumbusha ile neno."

"Usimtie Mungu katika hili," Jemimah alisema.

"Namna gani?"

Jemimah alitoa mikono yake, taratibu, bila kuvuta.

"Sikukumbuka kitu, Nicole. Nilielewa pale pale, nikiwa na simu sikioni. Saa nne na dakika arobaini. Mkuu aliniuliza nimesikia nini, nikanyamaza. Nilinyamaza njia nzima mpaka Rexdale. Nilinyamaza mpaka mbili."

Nicole alirudi nyuma hatua moja.

"Kwa nini? Mimi nilikufanyia nini?"

"Hukunifanyia kitu."

Jemimah alisukuma mlango. Baridi ikaingia, na kelele za tramu, na watu wakivuka kwenda stesheni na kola zimepandishwa. Alishuka ngazi tatu. Hakukimbia. Kwenye ya tatu alisimama bila kugeuka, akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo yeyote anayepita angeweza kuisikia.

"Nampenda Mikail, na wewe nakuonea wivu. Hata sasa."